Cyprian wa Karthago: Mchungaji Aliyeuchunga Usharika kwa Barua

Wasomaji wapenzi, mara nyingi tumewasimulia habari za watumishi wa Mungu waliosimama mbele ya watu wengi na kuhubiri kwa nguvu. Mwezi huu twataka kuwaletea habari za mchungaji wa namna nyingine. Alitengwa na usharika wake zaidi ya mwaka mmoja, asiweze kuonekana kanisani wala njiani, huku adui wakiwatesa watu wake na wenzake wengine wakimpinga. Hata hivyo hakuuacha usharika. Aliuchunga kwa kalamu na wino.

Mtu huyu jina lake Cyprian, naye alikuwa askofu wa mji wa Karthago. Mji huo ulikuwa pwani ya kaskazini ya bara letu la Afrika, karibu na mahali ulipo leo mji wa Tunis. Wakati ule nchi yote ilikuwa chini ya Kaisari wa Rumi. Barua zaidi ya 80, alizoandika yeye na alizoandikiwa na wengine, zimehifadhiwa hata leo. Kwa hiyo twaweza kujua vema jinsi kiongozi na washarika wake walivyosemezana katika siku za hatari.

Cyprian alizaliwa mwanzoni mwa karne ya tatu, katika jamaa ya watu wenye mali. Alikuwa mwalimu wa ufasaha wa maneno, kazi iliyoheshimiwa sana na Warumi, maana ndiyo iliyowafundisha vijana kusema barazani na mbele ya mahakimu. Alipokuwa mtu mzima, kasisi mmoja mzee alimfundisha Injili, naye akabatizwa karibu na mwaka 246. Akauza sehemu kubwa ya mali yake, akawagawia maskini. Haikupita miaka mitatu, askofu wa Karthago akafariki, na watu wakapaza sauti wakimtaka Cyprian awe askofu wao.

Lakini si wote waliofurahi. Makasisi watano, yaani wachungaji waliofanya kazi chini ya askofu, hawakupendezwa kuona mtu aliyebatizwa juzi akiwekwa juu yao. Cyprian aliwatendea kwa upole, lakini uchungu ule haukutoka mioyoni mwao. Naye tangu mwanzo aliweka nia moja: asitende jambo la kanisa kwa maoni yake peke yake, bila shauri la makasisi na mashemasi, na bila kukubaliwa na watu. Na tuikumbuke nia hiyo, maana ilikuja kujaribiwa kama dhahabu katika moto.

Mwaka 249 Decius alitwaa ukaisari, akatoa amri kwamba watu wote wa dola yake watoe dhabihu kwa miungu. Kila aliyetii alipewa cheti kilichotiwa sahihi na wajumbe wa serikali. Katika nchi ya Misri vyeti kadhaa vya namna hiyo vimeonekana tena katika mchanga, wala maneno yake hayana shaka. Mwezi wa Januari mwaka 250 Fabian, askofu wa Rumi, aliuawa. Huko Karthago kanisa lilikuwa limekaa raha miaka mingi, na imani ya wengi ilikuwa imelegea. Basi amri ilipofika, Wakristo wengi mno walikwenda mbio kutoa dhabihu hata kabla ya kushikwa. Wengine hawakutoa dhabihu, lakini walinunua cheti kwa fedha, wakajidanganya kwamba hawakumkana Bwana. Na wengine walikataa, wakatiwa gerezani na kuteswa.

Makafiri walikuwa wakipiga kelele uwanjani kwamba Cyprian atupwe kwa simba. Yeye akaondoka mjini kwa siri, akajificha. Serikali ikatangaza kwamba mali yake itwaliwe.

Je, alifanya vema? Swali hili liliulizwa siku zile zile. Makasisi wa Rumi, waliokuwa wamefiwa na askofu wao, waliwaandikia wenzao wa Karthago barua iliyogusia habari za mchungaji wa mshahara anayewakimbia kondoo wake aonapo mbwa-mwitu. Barua ile haikuwa na sahihi, wala haikupelekwa kwa Cyprian, bali ilimfikia. Sisi twaweza kuwaza jinsi maneno yale yalivyomchoma. Lakini tazameni alivyofanya. Hakuanza kwa kufoka wala kuwatukana. Aliirudisha barua ile ile Rumi, akawaomba watazame kama kweli ni yao, kwa sababu mwandiko wake, maneno yake na hata karatasi yenyewe vilimtia shaka. Baadaye akawaandikia tena, akawaeleza sababu ya kuondoka kwake: alihofu kwamba kuwapo kwake kungezidisha ghasia za watu na kuwaletea ndugu mateso makubwa zaidi. Pamoja na maelezo hayo akawapelekea nakala za barua 13 alizokuwa amewaandikia watu wake tangu siku alipoondoka, ili wasome wenyewe na kupima kama ameuacha usharika au sivyo. Makasisi wa Rumi waliposoma, wakaona kwamba walikuwa wamesikia nusu ya habari, wakamwandikia kwa heshima na kumwunga mkono.

Na barua hizo zilisema nini? Nyingine zilihusu mambo madogo ya kila siku, na ndiyo yanayoonyesha moyo wa mchungaji. Aliagiza wajane, wagonjwa na maskini watunzwe, akapeleka na fedha zake mwenyewe kwa mkono wa kasisi Rogatianus aliyemwamini. Aliwakumbuka hata wageni waliokuwa na shida. Aliposikia kwamba ndugu wanakwenda gerezani makundi makundi kuwatazama wafungwa, aliwaonya waende wachache wachache, na makasisi na mashemasi wabadilishane zamu, ili walinzi wasiingiwe na mashaka na kufunga mlango kabisa. Tena aliagiza kwamba mfungwa akifa gerezani, siku ya kufa kwake iandikwe, apate kukumbukwa pamoja na mashahidi. Ndugu aliyeitwa Tertullus ndiye aliyekuwa akimpasha habari za siku hizo. Hivyo habari zilikwenda na kurudi: askofu hakuwa mtu wa kuagiza tu, bali alitaka kujua.

Lakini kuna jambo barua haziwezi kulifanya: haziwezi kumlazimisha mtu kujibu. Cyprian aliwaandikia makasisi wake mara nyingi, asipate jibu. Akawaandikia tena akistaajabia kimya chao. Na katika kimya kile taabu kubwa ilikuwa ikikua.

Wale waliofungwa kwa ajili ya Kristo, walioitwa waungamaji, waliheshimiwa sana na watu wote. Basi wale walioanguka walianza kuwaendea gerezani kwa machozi, wakiomba waandikiwe hati za amani, wapate kurudishwa katika meza ya Bwana. Waungamaji wengine walizitoa bila hesabu. Hati nyingine haikutaja jina ila la mtu mmoja, ikaongeza kwamba apokewe pamoja na watu wake. Na nani awezaye kujua watu wake ni 3 au ni 30? Mmoja wa waungamaji, Lucianus, alizitoa kwa jina la shahidi aliyekwisha kufa. Na makasisi wengine, bila kumngoja askofu wala kuwauliza washarika, wakawapa Chakula cha Bwana watu ambao jana walikuwa wamefukiza uvumba mbele ya sanamu, wala hawajaonyesha toba yo yote.

Hapa twaona jaribu la kila kiongozi aliye mbali. Angaliweza kunyamaza ili apendwe. Angaliweza pia kutoa amri kali ya maneno machache, na kuwaacha watu wakisie sababu yake. Cyprian hakufanya hivyo wala hivyo. Aliandika barua tatu kwa pamoja: moja kwa waungamaji, moja kwa makasisi na mashemasi, na moja kwa washarika wote. Kwa waungamaji alisema kwa heshima, akiwasihi wawataje kwa majina watu wanaowajua na kuona toba yao. Kwa makasisi alisema kwa ukali, maana wao walijua sheria ya kanisa wakaivunja. Kwa washarika alisema kama baba, akiwaomba wawatulize walioanguka wasiwe na haraka, akawaahidi kwamba Mungu akiwarudishia amani, mambo yote yatachunguzwa mbele yao, nao watakuwa na neno katika hukumu. Kila kundi lilisikia neno lililolipasa, na shauri lenyewe lilikuwa moja. Hakumwambia huyu hivi na yule vingine.

Wakati ule makasisi wanne walikuwa wamemwandikia wakitaka atoe jibu la jambo fulani. Cyprian akawajibu kwamba yeye peke yake hawezi kuwajibu, kwa kuwa aliweka nia tangu mwanzo asifanye neno bila shauri lao na ridhaa ya watu. Atakapokuja watalitazama pamoja. Si kwamba aliogopa kuamua. Palipokuwa na haja ya haraka aliamua. Hata majira ya hari yalipoanza, ambayo huko ni majira ya homa nyingi, aliandika kwamba mtu aliyeanguka, mwenye hati ya waungamaji, akiwa mgonjwa wa kufa asingoje kuja kwa askofu, bali apokewe na kasisi ye yote, hata na shemasi kama kasisi hayupo, ili aende kwa Bwana katika amani.

Tena ilimpasa kuwaweka watumishi wapya kazini, maana wengi walikuwa wameanguka au wamefungwa. Alipotaka kupeleka barua Rumi kwa mikono ya watumishi wa kanisa, akamweka Saturus kuwa msomaji wa Maandiko, na Optatus kuwa msaidizi wa shemasi, akawaarifu makasisi mara moja. Akamweka na Aurelius, kijana aliyemkiri Kristo mara mbili mbele ya mahakimu, kuwa msomaji. Lakini hakuliacha jambo hili lipite kimya. Aliwaandikia makasisi na washarika kwamba desturi yake ni kuwauliza kwanza, na kupima pamoja nao tabia ya kila mtu; safari hii hakuweza, akawaeleza sababu na sifa za kijana huyo. Twaona kwamba ni jambo dogo, lakini lina mafundisho makubwa. Kiongozi anapolazimika kuiacha desturi, na aseme kwamba ameiacha, na aseme kwa nini.

Wapinzani wake hawakutulia. Mwanzoni mwa mwaka 251 Cyprian alipeleka wajumbe mjini, maaskofu wawili pamoja na makasisi Rogatianus na Numidicus, ili wawatazame maskini na kuwapa msaada. Mtu mmoja jina lake Felicissimus akasimama kuwazuia, akajikusanyia kundi lake, na wale makasisi watano wakawa pamoja naye. Kwa ajili ya fitina hiyo Cyprian hakuweza kurudi hata sikukuu ya Pasaka. Akawaandikia washarika kwa huzuni, akawaeleza wazi sababu ya kukawia kwake, wasije wakadhani amewasahau.

Baada ya Pasaka ya mwaka 251 alirudi, na maaskofu wa Afrika wakakutana Karthago kama alivyoahidi. Shauri la walioanguka likajadiliwa kwa urefu, na Maandiko yakasomwa pande zote mbili. Wakakata shauri hivi: wale walionunua vyeti tu, kila mmoja atazamwe habari yake, naye apokewe ikionekana toba; wale waliotoa dhabihu wadumu katika toba, nao wapewe amani saa ya kufa. Muda si mwingi baadaye, hofu ya mateso mapya ilipotokea, maaskofu 42 walikutana tena wakaona yafaa waliotubu wote wapokewe, wapate nguvu ya kusimama vitani. Hivyo kanisa halikuwafungia mlango walioanguka, wala halikuuacha wazi kama mlango wa sokoni.

Mwaka ule ule kanisa la Rumi liligawanyika: Cornelius alichaguliwa kuwa askofu, na Novatian akajifanya askofu kinyume chake. Barua za pande zote mbili zikafika Karthago, na zile za upande wa Novatian zilijaa mashtaka machungu. Cyprian hakukubali mashtaka hayo yasomwe mbele ya watu, maana alijua kwamba tusi lisomwalo kanisani halifutiki upesi. Wakatumwa maaskofu wawili kwenda Rumi kuuliza waliokuwapo, na kweli ilipojulikana wakaitangaza. Cornelius alichukizwa kidogo na kukawia huko, lakini Cyprian akamweleza sababu, wakawa rafiki.

Msidhani, wasomaji, kwamba mtu huyu hakukosea. Katika barua moja kwa Cornelius yeye mwenyewe aungama kosa lake. Wale waliofuata kundi la uasi walipoanza kurudi, washarika wengi walikataa kuwapokea, na Cyprian alifanya kazi kubwa kuwashawishi. Wengine wakapokewa kwa upole wake, watu wakinung'unika. Halafu mmoja au wawili kati yao wakawa wabaya kuliko mwanzo, na Cyprian akakubali kwamba manung'uniko ya watu yalikuwa ya haki. Ni askofu gani apendaye kuandika neno kama hilo? Lakini aliliandika. Tena katika mwaka 255 na 256 alishindana sana na Stephen, askofu wa Rumi, akisema kwamba waliobatizwa katika makundi yaliyojitenga wabatizwe upya. Mwezi wa Septemba mwaka 256 aliwaita maaskofu Karthago, na maoni ya maaskofu 87 yakaandikwa, kila mtu na lake, naye Cyprian akawaambia kwanza kwamba hakuna atakayehukumiwa kwa kuwa na shauri mbali na wenzake. Katika neno hili la ubatizo kanisa halikumfuata baadaye, wala sisi hatubatizi mara ya pili mtu aliyekwisha kubatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Lakini namna yake ya kuwasikiliza wote yafaa kusifiwa hata pale aliposhika shauri lisilo sawa.

Katika miaka hiyo hiyo tauni iliingia Karthago, hata maiti zikalala njiani. Cyprian akawakusanya Wakristo, akawagawia kazi kadiri ya uwezo wa kila mtu, akawafundisha kuwasaidia hata makafiri waliokuwa wamewatesa. Na wanyang'anyi walipowateka Wakristo wengi katika nchi ya Numidia, washarika wa Karthago walitoa sesterti 100,000, yaani fedha za Kirumi, ili kuwakomboa. Cyprian aliwapelekea maaskofu wa Numidia fedha hizo pamoja na majina ya waliotoa, ili wakumbukwe katika sala. Hivyo mtoaji alijua sadaka yake imefika wapi, na mpokeaji alijua imetoka kwa nani.

Mwaka 257 Kaisari Valerian alianza mateso mapya. Tarehe 30 Agosti liwali alimwita Cyprian, akamtaka awataje makasisi wake. Cyprian akakataa, akisema kwamba sheria za Warumi wenyewe zakataza uchongezi. Akahamishwa mpaka mji wa Curubis, pwani. Mwaka uliofuata alirudishwa Karthago. Uvumi wa kila namna ulikuwa ukienea, basi akatuma watu Rumi wamletee habari za kweli. Nao waliporudi na habari ya kuuawa kwa askofu Sixtus, akawapasha maaskofu wenzake ili wajiandae.

Kisha akasikia kwamba askari watakuja kumchukua mpaka Utica, alikokuwa liwali. Akajificha tena kwa siku chache. Lakini safari hii haikuwa kwa kukwepa kifo. Aliwaandikia makasisi, mashemasi na washarika wote barua yake ya mwisho, akawaeleza kwamba yafaa askofu amkiri Bwana katika mji ule ule anaouongoza, mbele ya watu wake mwenyewe; basi anamngoja liwali arudi Karthago. Akawaonya wakae kwa utulivu, wala mtu asijipeleke mwenyewe kwa mahakimu.

Tarehe 13 Septemba mwaka 258 alikamatwa. Usiku ule washarika walikesha njiani mbele ya nyumba alimolindwa, naye akaagiza wasichana waliokuwamo katika kundi watunzwe. Asubuhi ya tarehe 14 alihukumiwa auawe kwa upanga, akamshukuru Mungu. Watu wengi wakamfuata mpaka kiwanjani. Aliagiza yule wa kumwua apewe vipande 25 vya dhahabu, akajifunga macho kwa mkono wake mwenyewe, na ndugu wakatandika vitambaa mbele yake. Mtu aliyeshtakiwa kwamba aliwakimbia kondoo wake alikufa katikati yao.

Basi, ndugu, tujifunze nini? Katika sharika zetu twajua jinsi tangazo lisilo na sababu linavyozaa manung'uniko, na jinsi manung'uniko yasiyosemwa mbele ya wazee yanavyogeuka kuwa fitina nyuma ya nyumba. Penye kimya, uvumi hujenga. Cyprian alijua kwamba kondoo huijua sauti ya mchungaji, kwa hiyo hakuacha sauti yake ipotee. Enyi wachungaji, walimu na wazee, elezeni sababu za mashauri yenu, wala msione haya kusema mmekosea. Nasi washarika, tusiwe kama makasisi wale waliopokea barua nyingi wasijibu hata moja. Tukiwa na neno, tulipeleke mahali panapostahili, kwa upole na kwa kweli. Na tukiulizwa, tujibu. Hivyo ndivyo usharika wa Karthago ulivyopita katika moto, na hivyo nasi tutasimama.